Wameniita Farisayo: hao Mafarisayo, waandishi na wanasheria walikuwa nani?

"Mimi ni mhazini wa kwaya ya kanisa letu, huu mwaka wa tatu. Mwezi uliopita tulinunua vitambaa vya sare, nikaomba risiti kabla ya kusaini fedha zitoke. Mwenzangu mmoja akasimama mbele ya wanakwaya wote akasema nimekuwa Farisayo, nashika karatasi naacha upendo. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikasoma Mathayo 23 yote, nikalia. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyochanganyikiwa. Kuna waandishi, Mafarisayo, wana-sheria, Masadukayo, wakuu wa makuhani, wazee. Mchungaji alipoulizwa alisema ni watu wale wale, viongozi wa Kiyahudi waliotunga sheria ngumu ili wawakandamize watu, na ndio waliomuua Yesu. Je, ndivyo? Kama ndivyo, mbona Gamalieli alikuwa Farisayo na akawatetea mitume? Mbona Yesu alikwenda kula kwao? Na je, mtu anayefuata utaratibu ni Farisayo?"

Ndugu mhazini,

Pole sana. Kuchekwa hadharani kwa sababu ya kulinda fedha za watu ni jambo linalouma, na naona bado linakuuma. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kitita kimoja: watu hawa walikuwa nani, na je, mimi ni mmoja wao. Nitaanza na la kwanza na nitalikalia kwa muda mrefu, kwa sababu huwezi kujua kama jina linakufaa kabla hujajua lilikuwa na maana gani kabla halijageuzwa tusi.

Tuanze na hilo la "watu wale wale". Majina sita uliyoyataja hayapo kwenye rafu moja. Kuhani alizaliwa kuhani, maana ukuhani ulifuata ukoo wa Haruni kutoka baba hadi mwana. Mwandishi alisomea, uandishi ulikuwa kazi. Farisayo alijiunga; kile kilikuwa kikundi cha hiari chenye msimamo wake juu ya namna ya kuishika Torati. Mzee alihesabiwa mzee kwa heshima ya nyumba yake na mara nyingi kwa mali yake. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kubeba majina mawili au matatu bila kugongana, kama leo mtu anavyoweza kuwa Mhaya kwa kabila, wakili kwa kazi na Msabato kwa dhehebu. Mwanahistoria Josephus, aliyezaliwa Yerusalemu mwaka 37, ni mfano mzuri: alikuwa kuhani kwa kuzaliwa, na anasema mwenyewe kwamba alipofika miaka 19 alianza kufuata njia ya Mafarisayo. Na katika Matendo 23 utakuta Luka akitaja waandishi waliokuwa upande wa Mafarisayo. Kama waandishi wote wangekuwa Mafarisayo, asingehitaji kusema hivyo.

Neno "waandishi" limetusumbua sana sisi wasomaji wa Kiswahili. Ukilisikia leo unamfikiria mwandishi wa habari au wa riwaya. Wafasiri wa Habari Njema walilikwepa tatizo hilo kwa kusema "walimu wa Sheria", nao wamesaidia, ila wametuficha upande mmoja wa kazi yenyewe. Mtu huyu kwanza alikuwa karani. Katika nchi ambayo watu wengi hawakujua kusoma wala kuandika, yeye ndiye aliyeandika hati ya deni, mkataba wa kuuza shamba, hati ya ndoa na hati ya talaka. Na huwezi kuandika hati ya talaka itakayosimama mbele ya waamuzi kama huijui sheria ya talaka. Ndivyo karani alivyogeuka mjuzi wa sheria, na mjuzi akageuka mwalimu. Ezra, miaka mingi kabla ya hapo, alikuwa tayari anaitwa kuhani na mwandishi kwa pamoja. Msomaji wa Lamu au Unguja atanielewa upesi nikisema kwamba watu walimwendea mtu huyo kwa mambo mawili: aandike hati, na aeleze sheria ya dini inasemaje juu ya jambo lao.

Mwaka 1961, katika pango moja karibu na Bahari ya Chumvi, waakiolojia walikuta mkoba wa mwanamke Myahudi aliyeitwa Babatha. Ndani yake zilikuwamo hati 35, ya mwisho ikiwa ya mwaka 132, yaani karibu miaka 100 baada ya Yesu. Mikataba ya mashamba ya mitende, hati ya ndoa, madai. Babatha alikuwa mjane mwenye mtoto yatima, jina lake Yeshua, na walezi waliowekwa na baraza la mji walikuwa wakimpa dinari 2 tu kwa mwezi za kumlea. Akawashtaki. Yeye mwenyewe hakujua kuandika, hivyo mtu mwingine aliandika kwa niaba yake. Kila ninaposoma kisa hicho namwona mama akiwa amekumbatia mkoba wa karatasi asizoweza kuzisoma, karatasi ambazo ndizo ukuta pekee uliosimama kati ya mwanawe na njaa.

Shika picha hiyo, kisha rudi kwenye Marko 12, Yesu anaposema waandishi wanakula nyumba za wajane. Kwa maoni yangu mstari huo hauwezi kueleweka bila kuujua mkoba kama wa Babatha. Anayeandika hati za mjane, na pengine kumsimamia mali yake, ana nafasi ya kumlinda na ana nafasi ile ile ya kumnyang'anya. Karipio la Yesu liliwalenga waliochagua la pili. Na katika sura hiyo hiyo, mistari michache tu kabla, mwandishi mmoja anamuuliza Yesu amri iliyo kuu, wanakubaliana, na Yesu anamwambia hayuko mbali na ufalme wa Mungu.

"Wana-sheria" wa Luka nisiwakalie. Wataalamu wengi huona ni waandishi wale wale kwa jina lililoeleweka zaidi kwa wasomaji wa Kigiriki, ambao kwao mwandishi angeweza kudhaniwa ni karani wa kawaida wa mji. Gamalieli naye anaitwa "mwalimu wa torati". Kazi ni ile ile.

Sasa Masadukayo na wakuu wa makuhani, maana hapa ndipo palipokuwa na mamlaka. Masadukayo walikuwa wachache, watu wa nyumba kubwa, wengi wao wakihusiana na familia za kikuhani za Yerusalemu. Walishika Torati iliyoandikwa na kuyakataa mapokeo ya wazee, hawakuamini ufufuo. Kuhani Mkuu, aliyesimamia Hekalu na kuongoza baraza, enzi za Yesu aliwekwa na kuondolewa na Warumi. Anasi aliwekwa mwaka 6 akaondolewa mwaka 15. Mkwewe Kayafa alishika cheo tangu karibu mwaka 18 hadi 36. Josephus anaeleza jambo ambalo wewe mhazini utalielewa kuliko wengi: mavazi matakatifu ya Kuhani Mkuu yalifungiwa na Warumi katika ngome ya Antonia, chini ya muhuri wa makuhani na wa watunza hazina ya Hekalu, na yalitolewa sikukuu zinapokaribia tu. Kiongozi mkuu wa dini wa taifa zima alikuwa hawezi kuvaa joho lake mpaka askari wa kigeni amfungulie mlango. Ukisoma hofu ya baraza katika Yohana 11, kwamba Warumi watakuja watuondolee mahali petu na taifa letu, kumbuka mlango huo.

Hivyo tunafika kwenye "ndio waliomuua Yesu". Fungua Marko usome kuanzia kukamatwa hadi msalaba, ukitafuta neno Mafarisayo. Hulioni. Wanaotajwa ni wakuu wa makuhani, wazee na waandishi. Mathayo anawataja Mafarisayo baada ya kifo, katika kuomba walinzi wa kaburi, na Yohana anawataja katika kutuma watu wa kukamata. Sisemi hapakuwa na Farisayo hata mmoja katika baraza. Nikodemo alikuwamo, na Yohana anasema ndiye aliyeuliza kama torati inamhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Lakini mkono ulioongoza shauri ulikuwa wa uongozi wa Hekalu, hukumu ilitoka kwa Pilato, na msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi. Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wake, lilitamka wazi mwaka 1965 kwamba mateso ya Kristo hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Nakusihi ulishike hilo, kwa sababu sentensi nyepesi kama ile ya mchungaji wako imewahi kumwaga damu nyingi huko Ulaya.

Kuna kisa kingine kisichosomwa makanisani kwa sababu hakimo katika Biblia. Mwaka 62, Kuhani Mkuu aliyeitwa Ananus, mwana wa yule Anasi, alitumia nafasi ya gavana mmoja kufa na mwingine kuwa bado njiani, akaitisha baraza na kuamuru Yakobo ndugu yake Yesu auawe kwa kupigwa mawe pamoja na wengine. Josephus anasema watu wa Yerusalemu waliokuwa makini katika kushika sheria walichukizwa, wakalalamika kwa mfalme Agripa na kwa gavana mpya kwamba baraza liliitishwa kinyume cha utaratibu. Ananus akaondolewa baada ya miezi 3 tu ya ukuhani. Josephus hawataji hao walalamikaji kwa jina la kikundi, lakini maneno anayotumia juu yao yanafanana sana na anayotumia kwingine juu ya Mafarisayo, na wanahistoria wengi huona ndio. Watu makini wa utaratibu walisimama upande wa Mkristo aliyeuawa.

Na sasa Mafarisayo wenyewe. Josephus anawahesabu kuwa zaidi ya 6,000 enzi za Herode Mkuu. Hawakuwa serikali. Nguvu yao ilitoka kwa watu wa kawaida waliowaamini, kiasi kwamba, kwa mujibu wa Josephus, hata Msadukayo akipata cheo alilazimika kufuata maoni ya Mafarisayo, la sivyo umma usingemvumilia. Anasema pia kwamba kwa tabia walikuwa wapole katika kutoa adhabu, na Masadukayo ndio waliokuwa wakali. Je, hilo linafanana na picha tuliyofundishwa Shule ya Jumapili?

Ili uwaelewe, lazima uone tatizo walilokuwa wakijaribu kulitatua. Torati inasema usifanye kazi siku ya Sabato. Vizuri. Kazi ni nini? Kubeba mtoto ni kazi? Kuwasha taa? Kumpa mgonjwa dawa? Torati yenyewe haielezi mengi. Ni kama katiba inayotamka haki bila kusema ni dirisha gani la ofisi utakwenda kuidai. Lazima pawe na sheria, kisha kanuni, kisha mtu wa kukueleza. Msadukayo alijibu kwa kukaa na maandishi peke yake. Farisayo alijibu kwa mapokeo ya wazee, yaani ufafanuzi uliopokewa kwa mdomo kutoka mwalimu hadi mwanafunzi, ukijadiliwa na kubishaniwa kizazi baada ya kizazi. Wasomaji Waislamu watakuwa wameshaiona fiqhi, elimu yao ya sheria ya dini, hapo, na ulinganisho huo si mbaya.

Mengi tunayoyajua ya mapokeo hayo yamehifadhiwa katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya sheria ya walimu wa Kiyahudi, uliokamilika karibu mwaka 200, kwa hiyo lazima tuisome kwa uangalifu tunapozungumzia enzi za Yesu. Lakini tukiiweka kando ya Josephus, ya Agano Jipya na ya magombo, yaani maandiko ya kale ya kukunjwa, yaliyoanza kupatikana Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, sura ya mambo inaonekana. Mishna inataja aina 39 za kazi zilizokatazwa siku ya Sabato. Wahubiri huishia hapo, wakasema mnaona mzigo huo? Hawaendelei kusoma sehemu nyingine ya Mishna hiyo hiyo, inayosema kwamba pakiwepo hata shaka tu ya hatari kwa uhai, Sabato inawekwa kando. Na magombo ya Qumran yanatuonyesha Wayahudi wengine waliokuwa wakali kuliko Mafarisayo kwa mbali. Sheria yao inasema mnyama akitumbukia shimoni siku ya Sabato, asitolewe. Kisha msome Yesu katika Mathayo 12: ni nani kwenu mwenye kondoo mmoja, akatumbukia shimoni siku ya Sabato, asiyemshika na kumtoa? Hoja hiyo isingefika popote mbele ya watu wa Qumran. Yesu anaitoa kwa sababu anajua Mafarisayo aliosimama nao watamtoa kondoo.

Basi waligombana juu ya nini? Tazama wagonjwa wenyewe. Mtu mwenye mkono uliopooza hakuwa hatarini kufa. Angeweza kungoja jua lizame. Mkuu wa sinagogi katika Luka 13 anasema hivyo hivyo: siku 6 za kazi zipo, njooni mponywe siku hizo. Kwa mantiki ya mapokeo alikuwa na hoja. Yesu anakataa mama aliyepinda mgongo miaka 18 aongezewe hata saa moja ya kungoja. Huo ni ugomvi wa kweli, na mimi kama Mkristo najua niko upande gani, lakini ni ugomvi wa watu wanaosoma kitabu kimoja na kukubaliana juu ya mengi. Jirani wa ukuta mmoja ndio hugombana juu ya mpaka; mtu wa nchi ya mbali hana mpaka nawe. Ndiyo maana alikula kwao mara nyingi. Na ndiyo maana katika Luka 13 hiyo hiyo Mafarisayo fulani wanakuja kumwonya: ondoka hapa, Herode anataka kukuua.

Nakuja kwenye "karatasi na upendo", kwa sababu hapo ndipo mwenzako alipokuumiza, na hapo ndipo wajuzi hawa wa sheria wana la kukufundisha.

Torati iliagiza kwamba kila mwaka wa 7 madeni yasamehewe. Ni amri ya huruma. Ila mwaka huo ulipokaribia, wenye fedha waliacha kukopesha, kwa sababu walijua hawatalipwa. Aliyeumia ni yule yule maskini ambaye amri iliwekwa kwa ajili yake: mkulima aliyekosa mbegu hakupata pa kukopa. Torati yenyewe ilikuwa imeonya dhidi ya moyo huo wa kufumba mkono, na onyo halikusikilizwa. Mishna inasema mwalimu Hillel, aliyeishi karibu na wakati wa kuzaliwa kwa Yesu, alipoona hivyo aliweka utaratibu wa hati inayoitwa prozbul. Mkopeshaji anaandika mbele ya waamuzi kwamba anakabidhi madeni yake kwa baraza. Sasa deni liko mikononi mwa baraza, na mwaka wa 7 haulifuti. Mkopeshaji anapata amani, mkulima anapata mbegu. Karatasi moja, yenye saini za waamuzi au mashahidi. Kwamba shida hiyo ilikuwepo kweli tunajua pia kutokana na hati ya deni iliyopatikana Murabba'at, karibu na Bahari ya Chumvi, ya mwaka wa 2 wa utawala wa Nero, mfalme wa Kirumi, ambamo mkopaji anaahidi kulipa hata kama ni mwaka wa 7.

Mtu anaweza kusema Hillel aliikwepa Torati, na wapo waliosema. Mimi naona aliitazama amri, akamtazama mtu ambaye amri ilitaka kumsaidia, akakataa kumwacha kati ya hivyo viwili.

Gamalieli unayemuuliza alikuwa wa njia hiyo hiyo. Torati inataka mashahidi wawili katika shauri. Lakini mwanamke ambaye mumewe amezama baharini au amefia safarini atawapata wapi mashahidi wawili? Bila ushahidi hahesabiwi mjane, na hawezi kuolewa tena. Anabaki amefungwa kwa maiti isiyoonekana. Wanawake wa pwani yetu, ambao waume zao walipanda majahazi wasirudi, wangeielewa hali hiyo bila kuelezwa. Mishna imehifadhi mapokeo kwamba Gamalieli Mzee aliruhusu mwanamke wa namna hiyo aolewe kwa ushahidi wa mtu mmoja tu. Pia alipiga marufuku mume kuibatilisha kisirisiri hati ya talaka iliyokwisha kutumwa, ili mwanamke asije akadhani yuko huru kumbe hayuko. Huyo ndiye mtu aliyesimama katika Matendo 5 akasema waacheni watu hawa. Sioni ajabu. Alikuwa na mazoea ya kumfikiria mtu aliye upande dhaifu wa shauri.

Hawakuwa wakikubaliana wote. Wafuasi wa Hillel na wa Shammai, mwalimu mwingine wa wakati wake, walibishana karibu kila kitu. Juu ya talaka, wa Shammai walisema mume asimwache mke isipokuwa kwa sababu ya uasherati. Wa Hillel walisema hata akiunguza chakula. Kwa hiyo Mafarisayo wanapomuuliza Yesu katika Mathayo 19 kama ni halali kumwacha mke kwa kila sababu, wanamuuliza yuko upande gani katika mjadala wa nyumbani kwao. Jibu lake linamweka karibu zaidi na Shammai, yule aliyejulikana kwa ukali. Mambo si mepesi kama tunavyoyahubiri.

Na Mathayo 23, uliyoisoma ukalia? Sitaipunguza makali. "Ole wenu waandishi na Mafarisayo, wanafiki" ni maneno mazito. Baadhi ya wataalamu husema sura hiyo imebeba pia uchungu wa miaka ya baada ya 70, Hekalu lilipokwisha kuchomwa na jeshi la Kirumi la Tito, wakati jumuiya ya Mathayo na walimu wa Kiyahudi walipokuwa wakigombania nani awaongoze watu waliobaki. Wengine husema ni sauti ya Yesu mwenyewe, akiwakemea watu wake kama manabii walivyofanya. Nadhani yote mawili yana ukweli ndani yake. Lakini tazama inavyoanza: wameketi katika kiti cha Musa, basi wanayowaambia yashikeni, ila matendo yao msiyafuate, maana husema wasitende. Kosa linalotajwa ni kusema bila kutenda. Na tazama mstari wa 23. Wanatoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, wameacha adili, rehema na imani. Kisha anasema: hayo ilikuwa imewapasa kuyafanya, wala yale mengine msiyaache. Hakusema acheni kupima jira. Walimu wa Kiyahudi wenyewe walijikosoa vivyo hivyo: Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala yao uliofuata Mishna, ina orodha ya aina 7 za Mafarisayo, nyingi zikiwa za watu wa kujionyesha, na anayesifiwa ni yule anayetenda kwa upendo.

Kwa hiyo, je, mtu anayeomba risiti ni Farisayo kwa maana ile ya tusi? Jiulize jambo moja tu, kwa uaminifu. Je, unawadai wengine risiti huku zako huzitoi? Kama ndivyo, lile neno lina haki ya kukuchoma. Kama vitabu vyako viko wazi kwa kila mwanakwaya, neno hilo halikuhusu. Na soma 2 Wakorintho 8, mistari ya 20 na 21. Paulo, aliyesema mwenyewe kwamba kwa habari ya torati alikuwa Farisayo, anakusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu. Anatuma watu wengine waongozane na fedha hizo ili mtu asipate la kumlaumu, akisema anatunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Huyo ni mtume anayejali hesabu kama wewe.

Neno moja juu ya hilo tusi lenyewe. Baada ya mwaka 70 Masadukayo walitoweka pamoja na Hekalu lao. Mapokeo ya Mafarisayo yalibaki: mwalimu Yohanan ben Zakkai aliwakusanya wenzake katika mji wa Yavneh, na kutoka kwao wakatoka marabi, Mishna, na dini ya Kiyahudi kama ilivyo hadi leo. Myahudi anayesali katika sinagogi la Nairobi, au mmoja wa Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, huwahesabu Mafarisayo kuwa babu zake wa imani. Tunapofanya jina lao kuwa kebehi, tunamtukana mtu aliye jirani yetu. Ukipata nafasi, omba ruhusa mapema, nenda ukawasikilize. Saa moja pamoja nao itakupa kuliko barua yangu. Na kwa masomo zaidi, mtafute mwalimu wa Agano Jipya katika chuo cha theolojia kilicho karibu nawe, ukae naye ana kwa ana na Biblia ikiwa wazi.

Jambo la kwaya siwezi kulimaliza kutoka huku, wala lisimalizwe kwenye kundi la simu, ambako kila mtu ataongeza kuni. Nenda kwa yule aliyekuita Farisayo, ninyi wawili tu kwanza. Mwambie amekuumiza, kisha muulize ni nini hasa kilimkera. Huenda ni namna ulivyoomba, huenda alikuwa ametoa fedha zake mfukoni akaona hukumwamini. Mkishindwana, nendeni kwa mchungaji na wazee wa kanisa. Kama kuna fedha zisizojulikana zilikokwenda, omba kanisa lilete mkaguzi kabla hujasema neno la kumshuku mtu. Na kama machozi hayakatiki, tafuta mtu mzima unayemwamini akusikilize uso kwa uso, mapema.

Siku utakayokwenda kwa wazee, beba daftari la hesabu na risiti zote za miaka mitatu, zako zikiwa za kwanza juu.